Uvumi na Ushahidi: Januari 2008 Ilitufunza Nini Kuhusu Simu Zetu

Wasee, posti ya leo ni ndefu. Kama uko kwa matatu na umebakisha steji mbili, iweke, urudi usiku ukiwa umetulia. Sina digrii ya historia. Sina digrii yoyote, na hiyo hadithi mnaijua. Lakini kuna mwezi mmoja wa historia ya hii nchi ambao nimekuwa nikiusoma na kuusoma tena tangu 2024, juu ya kitu nilifanya mwenyewe. Nitafika huko, msijali.

Kila wiki mtu ananiuliza: mitandao ya kijamii imetusaidia ama imetuharibu? Wazee washaamua. Kwao simu ndiyo imeharibu watoto, ndoa, kanisa na hata mvua. Rika langu pia limeamua: bila mitandao tungekuwa bado tunangoja habari za saa moja zituambie serikali inataka tujue nini. Mimi naona pande zote mbili zinabishana juu ya swali ambalo Kenya ilishalijibu kitambo. Tulilijibu kabla ya TikTok, kabla ya WhatsApp, wakati simu ya mathe ilikuwa Nokia ya tochi na meseji ilikuwa inalipiwa moja moja. Jibu lilikuja kwa wiki kama nne hivi, Januari 2008, na lililipiwa na damu.

Siku TV ilinyamazishwa

Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Watu wakapiga kura kwa amani, wakarudi nyumbani, wakangoja. Siku moja, mbili, tatu. Tarehe 30, Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya wakati huo, akamtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi, na Kibaki akaapishwa Ikulu jioni hiyo hiyo. Siku hiyo pia serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja kwa redio na TV.

Hebu simama hapo kidogo. Nchi nzima iko macho. Moshi umeanza kuonekana Kibera, Kisumu, Eldoret. Na wewe uko ndani ya nyumba, duka limefungwa, matatu hakuna, na TV hairuhusiwi kukuonyesha kinachotokea saa hiyo. Utafanya nini? Utashika simu.

Sababu iliyotolewa ya kuzima matangazo ilikuwa usalama. Lakini mtu aliyenyimwa habari hakai bila habari. Anapokea yoyote inayokuja. Na zilizokuja zilikuwa meseji.

Zilikuwa za aina mbili. Kuna zile za chuki ya wazi, za kutaja kabila fulani na kusema wafukuzwe, wachomwe, wasiuziwe chochote. Hizo mtu mwenye akili timamu aliziona akajua ni sumu. Halafu kulikuwa na zile zilizovaa nguo ya upendo: jihadharini, usiku wa leo wanakuja, wako kwa lori, mwambie kila mtu wetu. Hizi za pili ndizo zilizotembea zaidi kwa watu wa kawaida, juu hakuna mtu anajiona mwovu akituma onyo kwa dadake.

Mathe wangu alituma moja. Nilikuwa na miaka 5 na sikumbuki chochote isipokuwa kulala chini ya kitanda badala ya juu yake. Alinisimulia nikiwa mtu mzima. Ujumbe ulimfikia kutoka kwa mtu wa kwaya yao, mtu wa heshima, ukisema mtaa ambao anti yangu alikuwa anaishi Nakuru utavamiwa usiku huo. Mathe hakuuliza. Alikuwa amebakisha kredo kidogo, na kredo siku hizo ilikuwa ngumu kupata kwa sababu maduka yalikuwa yamefungwa, lakini akaitumia yote kwa ile meseji. Anti akawaamsha watoto, akawaambia majirani, majirani wakaambia majirani. Wengine wakakimbia, wengine wakatoka nje na panga kujilinda. Usiku huo hakuna aliyekuja. Lakini wale waliotoka na panga walikutana na watu wengine njiani, watu waliokuwa wanakimbia pia, na mathe huwa hamalizii hiyo sehemu ya hadithi. Anabadilisha mada.

Sisemi meseji ndizo zilianzisha vita. Kulikuwa na mashamba, siasa, kura zilizotiliwa shaka, na hasira za miaka mingi. Hata redio za lugha za mama zililaumiwa. Mtangazaji mmoja, Joshua arap Sang, alifikishwa hadi ICC huko Hague, kesi ikakatizwa 2016. Tarehe 1 Januari kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto. Mpaka Kofi Annan alipowaketisha Kibaki na Raila wakatia sahihi tarehe 28 Februari, watu 1,133 walikuwa wameuawa kwa hesabu ya Tume ya Waki, na mamia ya maelfu hawakuwa na nyumba. Simu haikuwa chanzo cha hayo yote. Kazi yake ilikuwa kuyapeleka mbio kuliko miguu ya mtu yeyote.

Wiki hiyo hiyo, simu hizo hizo

Sasa geuza shilingi.

Kulikuwa na mwanasheria anaitwa Ory Okolloh, alikuwa anaandika blogu iliyoitwa Kenyan Pundit. Alikuwa amekuja nyumbani kupiga kura. Matangazo yalipozimwa, blogu yake ikawa mahali watu wanatuma walichokiona: hapa barabara imefungwa, hapa polisi wamepiga risasi, hapa kuna maiti na hakuna anayesema. Zikawa nyingi mpaka mtu mmoja hawezi. Tarehe 3 Januari akaandika wazo: kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ambapo kila mtu anaweza kuripoti tukio na likaonekana mahali lilipotokea?

Waliitika. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine, walio Kenya na walio mbali. Kwa siku chache tu tovuti ikawa hewani. Mtu angeweza kutuma ripoti kwa intaneti au kwa meseji. Jina walilochagua halikuwa la Kiingereza. Waliita Ushahidi.

Kitu kinachonivutia si ile ramani. Ni walichofanya na ripoti zikifika. Walijaribu kuhakikisha: kulinganisha na habari nyingine, kuuliza mashirika na watu walio karibu na eneo, na kuonyesha ni ripoti gani imethibitishwa na ipi bado. Yaani kati ya meseji kuingia na meseji kutoka, kulikuwa na binadamu anayeuliza swali dogo: nani ameona?

Programu hiyo baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, na nchi nyingi baada ya hapo. Mwaka huo huo wa 2010 Hersman akafungua iHub hapa Nairobi, na wasee wengi wanaojiita watu wa teknolojia leo walipitia pale. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema Kenya ni taifa la kidijitali, jua sehemu kubwa ya hiyo sifa ilizaliwa kwenye mwezi mbaya kuliko yote tuliyoona tangu uhuru.

Na sasa sehemu ambayo ilinifanya nianze kuandika hii posti. Yule David Kobia, fundi wa Ushahidi, alikuwa tayari na mtandao wake. Uliitwa Mashada. Ulikuwa mahali Wakenya wa nyumbani na wa ng'ambo wanapiga story, wanabishana siasa, wanatafutana. Kwa lugha ya leo ungesema ndiyo ilikuwa Twitter yetu kabla ya Twitter. Januari 2008 Mashada ikajaa chuki ya kikabila kiasi kwamba haingeweza kusimamiwa tena. Mwisho wa mwezi Kobia akaifunga. Badala yake akafungua tovuti nyingine, I Have No Tribe, ambapo watu waliandika kuhusu kuwa Wakenya.

Mtu mmoja. Mwezi mmoja. Mkono mmoja unafunga mtandao kwa sababu umekuwa sumu, mkono mwingine unajenga mtandao unaookoa. Kwa hivyo ukiniuliza kama mitandao ni mizuri au ni mibaya, nitakujibu na Kobia. Intaneti ilikuwa ile ile na Wakenya walikuwa wale wale. Tofauti ilikuwa kama kuna mtu amesimama mlangoni.

Kuzima ama kuuliza

Kulikuwa na njia ya tatu, na bado iko leo: zima yote. Serikali ilifikiria kuzima meseji nchi nzima. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, akawashawishi wasizime, na badala yake kampuni ikatuma jumbe za amani kwa mamilioni ya wateja. Unaweza kucheka, ati meseji ya amani wakati nyumba inaungua. Lakini fikiria kama wangezima. Anti yangu asingepokea onyo la uongo, ni kweli. Asingeweza pia kumwambia mathe siku iliyofuata kwamba yuko hai. Na M-Pesa, iliyokuwa haijamaliza hata mwaka, ilianza kuonekana ina maana hasa wakati huo, mtu hawezi kusafiri lakini pesa inasafiri.

Baada ya vita zikaja sheria. Mwaka 2008 Bunge likapitisha sheria ya uwiano na utangamano, na tume ya NCIC ikaundwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, ikatupa uhuru wa kujieleza na papo hapo ikasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa vita na matamshi ya chuki. Hapo mimi sina ubishi. Ubishi wangu ni kwa zilizofuata. Kulikuwa na kipengele kimoja cha sheria ya mawasiliano kilichotumika kuwakamata bloga mpaka Mahakama Kuu ikakifuta 2016. Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, yenye adhabu kwa habari za uongo. Nani anaamua uongo ni upi? Mara nyingi ni yule yule aliyezima TV mwaka 2007.

Tuliyojenga, tuliyobomoa

Kuanzia 2009 nyaya za baharini zikafika Mombasa na intaneti ikashuka bei. Tukaingia kwa wingi. Na nitasema wazi, tumefanya mambo makubwa. 2011 ukame ulipoua watu kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya ilichanga mamia ya mamilioni ya shilingi, nyingine zikitoka kwa mtu aliyetuma mia moja kutoka kwa simu. 2015 CNN ilipotuita kitovu cha ugaidi wakati Obama anakuja, wasee wa Twitter waliwashughulikia mpaka mkubwa wao mmoja akapanda ndege kuja kuomba msamaha.

Mwaka huo huo, tarehe 2 Aprili, magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Idadi ilikuwa inatajwa kama namba tu: 147. Ory Okolloh, yule yule wa 2008, akasukuma wazo kwamba tuwataje mmoja mmoja, jina na picha, huyu alikuwa anasomea ualimu, huyu alikuwa kifungua mimba kwao. Nilikuwa shule ya msingi, na nakumbuka mathe anasoma majina kwa simu kwa sauti, jikoni. Hakuna gazeti lingetupa nafasi hiyo yote.

Lakini upande wa pili haukulala. Kutoka 2012, kuelekea uchaguzi wa 2013, iHub na Ushahidi waliendesha mradi ulioitwa Umati, wa kusoma matamshi hatari mtandaoni kwa Kiingereza, Kiswahili, Sheng na lugha zetu za nyumbani. Waliyapata mengi, hasa Facebook. Chuki ilikuwa imehama kutoka kwa meseji tu.

Na sasa imepata msaidizi. 2008 mtu alilipia kila meseji ya chuki kwa kredo yake. Leo ni bure, na kuna mashine inayokuletea ile posti itakayokukasirisha zaidi, kwa sababu ukikasirika unabaki. Novemba 2021 huko Bahir Dar, Ethiopia, profesa wa kemia anaitwa Meareg Amare aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Kabla ya hapo posti za Facebook zilikuwa zimeweka picha yake, zikimshutumu kwa mambo ambayo familia inasema ni uongo. Mwanawe Abrham anasema aliripoti posti hizo na hazikuondolewa kwa wakati. Alileta kesi yake hapa Nairobi Desemba 2022, kwa sababu kazi ya kukagua maudhui ya ukanda huu ilikuwa inafanyiwa hapa, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema ina mamlaka ya kuisikiliza.

Picha, na shutuma. Shikilia hayo mawili.

Kitu nilifanya

Juni 2024 wote mnaijua. Mswada wa Fedha ulifika na sisi tukausoma, kurasa zote, juu ya watu waliutafsiri kwa TikTok kwa Kiswahili na lugha za nyumbani. Wengine walitengeneza programu ya akili bandia ukiiuliza inakuambia kipengele kinasema nini. Namba za wabunge zikasambaa tukawasalimia kwa meseji mpaka simu zao zikachoka. Tarehe 25 watu wakaingia Bungeni, intaneti ikalegea, makumi ya vijana wakauawa kwa siku na wiki hizo, na tarehe 26 rais akasema hatautia sahihi. Bila mitandao hakuna hiyo. Nitasimama na hilo mbele ya mzee yeyote.

Usiku wa 25, kwenye grupu fulani, ikaingia picha ya kijana wa rasta, hudi nyeusi. Maelezo yakasema: huyu ni polisi wa kiraia, ndiye anawaonyesha wenzake nani wa kukamata, sambaza watu wetu wamjue. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na hofu. Nilikuwa na wafuasi kama elfu nne. Nikaiposti. Nilidhani naokoa maisha.

Baada ya kama saa mbili dada mmoja akaniandikia inbox. Hakunitukana. Alisema: huyo ni ndugu yangu, anauza kava za simu hapo karibu na Odeon, alikuja maandamano kama wewe. Nikafuta. Wasee, kufuta hakufuti. Ilikuwa imeshirikiwa zaidi ya mara 600. Niliomba msamaha kwa posti nyingine, ikashirikiwa mara 11. Yule msee alinyoa rasta zake za miaka sita na akakaa wiki tatu bila kwenda kazini, akiogopa polisi upande mmoja na sisi upande mwingine. Nilienda kumwona baadaye. Alinikaribisha chai, akaniuliza swali moja tu: wewe uliniona wapi nikifanya hivyo?

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimemwona popote.

Nilipomwambia mathe, ndipo aliponisimulia ile meseji ya Nakuru kwa mara ya kwanza. Miaka 16 katikati, simu tofauti, mtandao tofauti, na kosa ni lile lile. Hakuna kati yetu aliyekuwa na chuki. Sote wawili tuliogopa kwa ajili ya watu wetu, na tukakosa kuuliza nani ameona.

Agosti 2027 tutapiga kura tena. Meseji za lori linalokuja usiku zitarudi, safari hii zikiwa na video na sauti zilizotengenezwa na mashine. Serikali itatamani kuzima, na tukijaza uvumi tutakuwa tunaishikia swichi. Kampuni hazitatusimamia mlango, Ethiopia ilituonyesha. Sheria itakuja ikiwa imechelewa ama imelenga mtu asiyefaa. Kwa hivyo mlango unabaki ni mimi na wewe, na huyo msimamizi wa grupu ya mtaa wenu ambaye huwa anaogopa kuambia mtu afute.

Kwangu nimeweka kanuni. Siposti uso wa mtu kama sijaongea na aliyeona kwa macho yake. Nimepoteza views kwa hiyo, sitadanganya. Kuna wakurasa wanakua mara tatu yangu kwa kuposti kila kitu kinachowafikia.

Mathe naye, kwa grupu ya familia, akiona forwadi yoyote ya kutisha anaandika maneno mawili tu: nani ameona? Binamu zangu wamembatiza jina la OCS. Juzi mjomba alituma kitu kuhusu mtaa fulani huko Nakuru, mathe akauliza, mjomba akanyamaza kama dakika kumi, kisha akafuta. Anti yangu ndiye alikuwa wa kwanza kumjibu mathe. Aliandika: asante, dada.